Binti ziko tatu. Peponi je, ni ya nani?

SWALI: Rafiki yangu alinisisitizia niitafute “Binti”. Nilipoandika jina hilo kwenye simu ikanijia filamu ya msichana wa Kikongo anayeishi Ubelgiji. Nikaitazama, nikaipenda. Nilipomsimulia akasema siyo hiyo, yeye alimaanisha filamu ya wanawake wa Dar es Salaam. Mdogo wangu naye akadakia kuwa Binti ni kitabu cha safari za anga za juu. Je, ni kazi moja iliyotolewa kwa sura tatu, au watu wameibiana? Nauliza kwa sababu nami nimemaliza muswada wa riwaya kuhusu wasichana wanaofanya kazi katika hoteli za ufukweni. Nimeuita “Peponi”, na sasa naambiwa Peponi ipo tayari. Nibadilishe jina? — Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Dada, hakuna aliyeibiwa. Binti hizo tatu hazina undugu wowote zaidi ya jina, na kila moja inastahili kutazamwa au kusomwa kwa nafsi yake. Swali lako la pili ndilo zito, na nitalijibu bila kuzungukazunguka tukifika huko. Ila jibu lake linategemea la kwanza, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Iliyotangulia ni ya mdogo wako. Ni riwaya fupi ya Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyotoka mwaka 2015. Shujaa wake ni msichana wa kabila la Wahimba wa Namibia, bingwa wa hesabu, anayewatoroka ndugu zake usiku ili akasome katika chuo kikuu kilichopo kwenye sayari nyingine. Njiani chombo chao kinavamiwa na viumbe wanaofanana na viwavi wa baharini, na udongo mwekundu anaojipaka mwilini kwa mila za kwao unageuka kuwa jambo la kufa na kupona. Ilishinda tuzo za Hugo na Nebula, ambazo katika fasihi ya kisayansi hakuna kubwa kuzizidi, kisha ikafuatiwa na sehemu mbili, mwaka 2017 na 2018. Filamu uliyoitazama wewe iliongozwa na Frederike Migom wa Ubelgiji, mwaka 2019. Baba yake Binti humo ndani ni Baloji, mwanamuziki mzaliwa wa Lubumbashi, na anayemwigiza Binti ni mtoto wake wa kumzaa. Ndiyo maana mapenzi yao kwenye skrini yanaonekana hayakufundishwa na mtu. Ya rafiki yako ni ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, yenye maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, ambayo baadaye ilifika Netflix.

Kwa nini watu watatu wasiohusiana wakaangukia jina lile lile? Kwa sababu ni fupi, linatamkika kwa lugha yoyote, na linabeba mtu mzima ndani ya silabi mbili. Majina ya aina hiyo lazima yagongane. Angalia “Rafiki”: Wanorwe walikuwa na filamu ya watoto yenye jina hilo mwaka 2009, ya Christian Lo, na mwaka 2018 Wanuri Kahiu wa Kenya akatoa yake, ambayo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Hazikaribiani hata kidogo. Kadiri jina linavyopungua maneno ndivyo linavyozidi kuwa la watu wengi.

Kugongana kwa namna hii si uzembe wa mtu. Mwaka 2013 waandishi wawili, Mmarekani Jill McCorkle na Mwingereza Kate Atkinson, kila mmoja na mchapishaji wake, walitoa riwaya iitwayo Life After Life, zikapishana kwa siku chache tu madukani. Moja inahusu wazee katika nyumba ya kulelea wazee huko North Carolina. Nyingine inahusu mwanamke Mwingereza anayekufa na kuzaliwa upya mara nyingi katika maisha yale yale. Na tangu mwaka 1975 kulikuwa na kitabu kingine chenye jina hilo, cha daktari Raymond Moody, kuhusu watu waliokaribia kufa wakarudi. Vitabu vikishafika mitamboni, hakuna wa kumwambia mwenzake apishe.

Sasa, wapo ambao jina moja kwao kweli ni kazi moja, nawe inakubidi uwatenganishe na hao wengine. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa kwa filamu kwa jina lile lile. Pale kuna Yasmini yule yule, Denge yule yule, Zanzibar ile ile ya miaka ya mwisho ya ukoloni wa Waingereza, na filamu yenyewe inasema imetoka kwenye riwaya. Hiyo ndiyo alama ya kutafuta. Kazi iliyotokana na nyingine haifichi asili yake, kwa sababu haki ya kuitengeneza imeombwa na kulipiwa, na sifa ya kitabu ni sehemu ya kinachouza tiketi. Ukitazama maandishi ya mwanzo na ya mwisho ya filamu usikute jina la mwandishi wala la kitabu, chukulia kwamba hazihusiani mpaka uthibitishiwe vinginevyo.

Filamu mbili za Kiingereza zenye jina Crash ndizo ninazopenda kuwatolea watu kama onyo. Ya David Cronenberg, ya mwaka 1996, ilitoka kwenye riwaya ya J. G. Ballard ya mwaka 1973, na inahusu watu wanaopandwa na ashiki kwa sababu ya ajali za magari. Ya Paul Haggis, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, inahusu ubaguzi wa rangi mjini Los Angeles, na ndiyo iliyopewa Oscar ya filamu bora mwaka 2006. Mtu aliyesikia habari za Oscar akaenda kutafuta kwa jina peke yake, akaiweka sebuleni mbele ya wakwe, anaweza kupata aibu isiyosahaulika. Kwa hiyo unapompendekezea mtu kazi, mpe jina, mpe mwenye kazi, mpe na mwaka. “Binti ya Seko Shamte, 2021.” Hapo hakuna wa kupotea. Wakutubi wanafanya hivyo tangu zamani, na kanzidata za filamu mtandaoni huweka mwaka kwenye mabano mbele ya kila jina kwa sababu hiyo hiyo. Kwa vitabu kuna njia ya uhakika zaidi: namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu iliyo nyuma ya jalada, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007 na 10 kabla ya hapo. Majina yanagongana; ISBN haigongani.

Nije kwenye Peponi. Uliyoambiwa ni kweli. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walichapisha tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyoingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka ule ule. Mfasiri ni Ida Hadjivayanis, na jina alilolipa ni Peponi. Ni habari ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, akidhani mwanzoni kwamba anakwenda kwa mjomba. Anaishi karibu na bustani yenye ukuta ambayo haimhusu, anafuata msafara wa biashara hadi bara, na mwisho Wajerumani wanaingia. Gurnah alipopewa Nobel mwaka 2021, watu wa pwani walikuwa wakimsoma kwa Kiingereza tu, kwa hiyo tafsiri ile ilikuwa tukio, na bado ndiyo kitabu kinachomjia msomaji wa Kiswahili akilini likitajwa neno Peponi kwenye jalada.

Lakini Gurnah mwenyewe hakuwa peke yake kwenye jina lake. Miaka mitatu tu baada ya riwaya yake, Toni Morrison, aliyekuwa tayari ameshapata Nobel mwaka 1993, alitoa riwaya inayoitwa Paradise, kuhusu mji wa watu weusi huko Oklahoma na nyumba ya wanawake iliyo nje ya mji huo. Washindi wawili wa Nobel, jina moja la kitabu, na hakuna aliyemshitaki mwenzake. Tena Morrison hakulitaka jina hilo. Alitaka kitabu kiitwe War, yaani vita, lakini upande wa mchapishaji ukahofia kwamba litawafukuza wasomaji. Halafu mwaka 2012 Mwaustria Ulrich Seidl akaanzisha mfululizo wa filamu tatu zilizotangulizwa na neno lile lile, Paradise. Ya kwanza ilipigwa pwani ya Kenya: mwanamke wa makamo kutoka Austria anakuja likizo na kununua mapenzi ya vijana wa ufukweni. Hiyo, dada, ndiyo iliyo jirani na habari yako kuliko ya Gurnah. Itafute uitazame, ingawa si ya kutazama na watoto. Wewe umeandika upande ambao Seidl hakuuona: wanaotandika vitanda na kubeba sinia.

Kisheria jambo lako liko hivi. Hakimiliki inalinda kazi iliyoandikwa, na jina peke yake kwa kawaida ni fupi mno kuhesabiwa kazi. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani inakataa waziwazi kusajili majina, vichwa vya kazi na vifungu vifupi vya maneno. Marekani hiyo hiyo, kichwa cha kitabu kimoja hakisajiliki kuwa alama ya biashara, ila jina la mfululizo wa vitabu linaweza. Uingereza, anayelalamika hutakiwa aonyeshe kwamba umma umedanganywa ukadhani kazi ya mwingine ni yake. Ufaransa ni wakali zaidi: kichwa chenye ubunifu kinalindwa kama kazi yenyewe, na hata muda wa hakimiliki ukiisha, huruhusiwi kukitumia kwa kazi ya aina ile ile kwa namna ya kuwachanganya watu. Ujerumani, ulinzi wa vichwa umo katika sheria ya alama za biashara, na wachapishaji hutangaza jina katika jarida la kazi yao kabla kitabu hakijatoka ili kuliwahi. Kwetu Tanzania wa kuwauliza ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya ni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Waulize kabla ya kuchapa, na uwaulize kwa maandishi.

Hollywood wao walijitungia utaratibu ulio nje ya sheria. Tangu mwaka 1925 kuna daftari la majina la chama cha studio kubwa, na wanachama wamekubaliana wenyewe kwamba aliyeandikisha jina anaweza kumzuia mwenzake. Mwaka 2013 kampuni ya Weinstein ilikuwa tayari na filamu ya Lee Daniels iitwayo The Butler, kuhusu mhudumu mweusi aliyewatumikia marais wa Marekani Ikulu. Warner Bros. wakasimama na kusema jina hilo ni lao. Kwa lipi? Kwa filamu fupi isiyo na sauti ya mwaka 1916 ambayo karibu kila mtu alikuwa ameshaisahau. Waamuzi wa daftari wakawapa Warner haki, na filamu ikaenda kwenye majumba ya sinema ikiitwa Lee Daniels' The Butler. Hakuna mtazamaji hata mmoja ambaye angeichanganya na ile ya 1916, na kwa maoni yangu ule ulikuwa ubabe wa kibiashara tu. Tofautisha na mwaka 2012, kampuni ya Marvel ilipoipeleka filamu yake ya The Avengers nchini Uingereza. Huko watu wa makamo wakisikia jina hilo wanakumbuka tamthilia ya televisheni ya majasusi ya miaka ya 1960. Marvel wakaongeza maneno kwenye jina, wakaiita Marvel Avengers Assemble. Hapo mtazamaji alifikiriwa.

Tukio linalonigusa zaidi ni la Chinua Achebe. Mwaka 2011 mwanamuziki 50 Cent alikuwa na filamu kuhusu mchezaji wa mpira wa Kimarekani anayeugua saratani, nayo ilitangazwa kwa jina Things Fall Apart, lile lile la riwaya ya Achebe. Upande wa Achebe ukalalamika, na filamu ikatoka ikiwa imeongezwa neno: All Things Fall Apart. Wapo waliosema Achebe hakuwa na haki ya kulalamika kwa kuwa naye maneno hayo aliyachukua kwenye shairi la W. B. Yeats. Mimi sikubaliani nao. Achebe aliweka beti za Yeats mbele ya riwaya yake, kila msomaji azione, na mwaka 1958 hakuna aliyenunua kitabu chake akidhani ananunua mashairi ya Yeats. Bali mwaka 2011 mtu akiona bango la filamu lenye Things Fall Apart, wa kwanza kumjia ni Okonkwo, shujaa wa riwaya ya Achebe. Maneno hayakuwa ya Achebe. Umaarufu wa maneno hayo juu ya jalada ulikuwa wake, ameujenga kwa zaidi ya miaka 50. Kuutumia bila kumuuliza ni kula jasho lake.

Na mdogo akikutana na mkubwa kwenye jina moja, mambo huenda kwa njia zisizotabirika. Mwaka 2006 Emily Schultz wa Kanada alitoa riwaya iitwayo Joyland. Mwaka 2013 Stephen King naye akatoa Joyland, akaamua kwamba mwanzoni isiwepo kielektroniki, isomwe kwenye karatasi. Mashabiki wakaingia mtandaoni kutafuta Joyland ya kusoma kwenye kifaa, wakaikuta ya Schultz, wakainunua kwa haraka bila kutazama mwandishi. Wengine waliacha maoni ya hasira kwamba King ameharibikiwa. Schultz alivumilia lawama za kitabu ambacho hakuahidi kuwa cha King, kisha ikamjia hundi ya mauzo ambayo hakuitarajia, akaanza kuandika hadharani namna anavyoitumia pesa hiyo. Mwisho wake ulikuwa mzuri. Ila zingatia kwamba yeye ndiye aliyetangulia, miaka saba kabla. Angekuja nyuma ya King na jina lile lile, wasomaji wangemwita mjanja, na pengine wasingemsoma kabisa.

Wewe ndiye unayekuja nyuma. Kwa hiyo jibu langu: badilisha. Sikwambii hivyo kwa hofu ya mahakama. Nakwambia kwa sababu vigezo vyote vinavyofanya jina moja kuwa tatizo vimekutana kwako. Lugha ni moja, Kiswahili. Aina ya kazi ni moja, riwaya. Soko ni moja. Duka la vitabu litakaloweka chako ndilo lenye cha Gurnah. Mandhari yanakaribiana, pwani. Cha mwenzako bado kinauzwa, na mwenye nacho ana Nobel. Kama kimojawapo kingekosekana ningekwambia tulia. Ungekuwa umeandika tamthilia ya kuchekesha ya familia ya Mwanza, au wimbo, au kitabu cha mapishi, Peponi ingekufaa bila wasiwasi. Lakini kwa hali hii mwalimu atakayeagiza kitabu chako ataletewa kingine, na atakayekutafuta kwenye simu atazipitia kurasa nyingi za Gurnah, na za hoteli zenye jina hilo vilevile, kabla hajakufikia.

Najua inauma. Jina ambalo mtu ameishi nalo tangu ukurasa wa kwanza huwa limeshika kwenye muswada mzima. Basi usilitupe: liache ndani. Kama wasichana wako wanafanya kazi hotelini, hoteli hiyo na iitwe Peponi, bango lake lining'inie mlangoni katika sura ya kwanza, na msomaji ataona mwenyewe unachosema. Kwa jalada, rudi kwenye muswada utafute kitu ambacho ni wewe tu ungeweza kukiandika. Tafuta vile vitu ambavyo hao wasichana wanavyo na wageni hawana: zamu ya alfajiri, funguo za vyumba vya watu, sare inayorudishwa siku ya kufukuzwa, jina bandia lililoandikwa kifuani kwa sababu wageni hawawezi kutamka lao. Majina ya vitabu yanayodumu mara nyingi yamelala katikati ya sentensi fulani ya mwandishi mwenyewe. Usikimbilie kuongeza neno tu, “Peponi ya Ufukweni” au “Siri ya Peponi”. Utabaki na tatizo lile lile, na jina limekuwa refu.

Ukishapata matatu au manne, yapime kabla hujayapenda. Andika kila moja kwenye mtandao ndani ya alama za kunukuu, kwanza peke yake, kisha pamoja na neno riwaya, kisha filamu, kisha wimbo, maana bongo fleva na taarabu zimeshachukua maneno mengi matamu. Pita kwenye orodha za Mkuki na Nyota na za wachapishaji wa Nairobi. Waulize wakutubi wa mkoa wako, ambao wanakumbuka vitabu vilivyokwisha madukani na visivyoonekana mtandaoni. Ukikuta jina limetumika na shairi la miaka ya nyuma au kipindi cha redio kilichokwisha, endelea nalo bila kusita. Ukikuta riwaya ya Kiswahili inayouzwa leo, liweke kando. Kisha msomee mtu jina kwa simu, mara moja tu, umwambie alirudie kesho yake. Akilikosea, na mnunuzi atalikosea.

Usichelewe. ISBN kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na namba ikishatolewa kwa jina fulani, jalada likachapwa, kubadilisha ni gharama na usumbufu. Wakati wa kubadilisha ni sasa, muswada ungali wako peke yako. Na mwambie rafiki yako nimeshakuelekeza ile Binti ya Dar es Salaam. Itazame, kisha umpe mdogo wako nafasi ya kukusomea ya Okorafor, ambayo haizidi kurasa 100 kwa mengi.